Nimejibebea Kuku Wangu Mwenyewe, Tipu ni ya Nini?

Jumamosi iliyopita, saa moja jioni, nilishuka kwenda kununua kuku. Hapa Roysambu kuna mahali nimepazoea, na nilienda kwa miguu. Nikapiga foleni nyuma ya watu sita, nikamwambia kijana wa kaunta anifungie nusu kuku na chipsi, nikatoa kadi nilipe shilingi 850 kama ilivyoandikwa ukutani. Kabla sijaigusisha, kijana akaigeuza ile mashine ikanitazama. Kwa skrini kulikuwa na chaguo nne: asilimia 5, asilimia 10, asilimia 15, na chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu, "bila tipu".

Wasee, mimi ndiye niliyetembea. Mimi ndiye ningebeba. Ningekula kwangu, kwa sahani yangu, halafu niioshe hiyo sahani kwa sabuni niliyonunua mwenyewe. Lakini nyuma yangu kuna watu wananipumulia, mbele yangu kijana ananiangalia, na kidole changu chenyewe kikaenda kwa 10. Shilingi 85 zikapaa hivyo.

Nilirudi nyumbani nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani. Na si kwamba 85 ni pesa ya kulilia, ingawa siku nzuri hiyo ni nauli ya kunifikisha tao. Kilichoniuma ni kwamba sikutoa kwa kupenda. Nilitoa kwa aibu.

Sasa kabla mniite mkono wa birika, nisikilizeni hadi mwisho, kwa sababu mimi sipingi bakshishi. Ninachopinga ni bakshishi inayoitishwa kabla mtu hajakufanyia kitu, na bila kuambiwa inaenda mfuko wa nani. Hiyo kwangu ni bei nyingine iliyofichwa, na tukiizoea, atakayeumia kwanza si mimi mnunuzi. Ni yule kijana wa kaunta.

Tuanze na neno letu wenyewe. Sisi Wakenya tuna neno moja linalofanya kazi mbili. Fundi wa maji akimaliza kurekebisha bomba vizuri, unamwongezea mia unamwambia, "Hii ni ya chai." Kila mtu anatabasamu. Askari wa trafiki akikusimamisha, ukampa mia ndiyo akuachilie, hiyo pia tunaiita chai. Noti ni ile ile, neno ni lile lile. Tofauti ni wakati. Ya fundi imekuja baada ya kazi, kwa sababu umefurahi. Ya askari imekuja kabla, kwa sababu unaogopa kitakachotokea usipoitoa.

Haya, hebu angalia baadhi ya apu za chakula. Unachagua pilau yako, na kabla mtu hata hajagusa mwiko, unaulizwa utampa mwendeshaji tipu ngapi. Hujui ni nani atakuja. Hujui kama atafika na pilau ama na mchuzi umemwagika kwa begi. Unatoa ukijiambia, labda nikitoa nitaletewa haraka, labda nisipotoa chakula kitazungushwa Thika Road nzima. Niambieni, hiyo ni chai ya fundi ama ni chai ya askari?

Kitu kingine. Ukifikiria vizuri, sisi hata tumezoea zawadi itoke upande ule mwingine. Nenda kwa mama mboga ununue sukuma ya hamsini. Akishakatakata na kuitia kwa mfuko, anachota kiganja kimoja tena anakutupia. Nyanya nne zinakuwa tano. Hiyo ni nyongeza, na imefanya watu wengi wawe waaminifu kwa mama mmoja miaka kumi. Hakuna mama mboga ameandika kwa kibao "nyongeza asilimia 10". Siku atakayoandika, nyongeza itakuwa imekufa. Wewe utaanza kuidai kama haki yako, naye ataanza kuipunguza kutoka kwa fungu la kwanza ndiyo hesabu yake itoshee. Mtabaki na sukuma ile ile, lakini ile furaha imeenda.

Na hicho ndicho kinachotokea kwa mshahara wa mtu tipu ikigeuzwa kuwa lazima. Mwenye biashara anaiona, anaipigia hesabu, halafu anaipunguza kutoka kwa fungu la kwanza.

Hii si ndoto yangu. Marekani, ambako hii tabia ya asilimia kwa skrini imekomaa, imeandikwa mpaka kwa sheria. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri amlipe mfanyakazi anayepokea tipu dola 2.13 kwa saa. Kiwango hicho hakijaguswa tangu 1991. Tipu za wateja ndizo zinatakiwa kumpandisha mpaka dola 7.25, ambacho ni kiwango cha chini cha shirikisho tangu 2009. Zisipofika hapo, mwajiri ndiye anapaswa kujaza pengo. Kuna majimbo kama California yaliyoukataa mpango huo, lakini mengi yanaufuata kwa namna moja ama nyingine. Kwa hivyo Mmarekani akiacha asilimia 20 kwa meza, mara nyingi hajafanya ukarimu wowote. Amelipa mshahara wa mtu ambaye hakumwajiri. Na asipoacha, amemla mtu kodi ya nyumba.

Kwetu haiko hivyo. Agizo la serikali la mishahara ya chini linamtaja weita na mpishi waziwazi, kwenye kundi moja na mchimba migodi na taniboi. Kuna kiwango ambacho mwajiri hapaswi kushuka chini yake, tipu iwepo isiwepo. Najua mtaniambia, "Kwani wewe unaishi Kenya gani?" Naishi hii hii. Nina marafiki waliobeba sinia kwa mikahawa miezi na miezi na hicho kiwango hawakukiona hata kwa darubini. Lakini angalau sai tukisema mwajiri amevunja sheria, sheria iko upande wetu. Tukizoea skrini, kesho mwajiri huyo huyo atamwambia mtu anayetafuta kazi, "Mshahara ni mdogo lakini tipu ni nzuri." Na sisi wateja tutakuwa ndio tuliompa hayo maneno.

Halafu kuna hii ya risiti, kwa sababu watu wengi hapa wananiambia, "Mimi sitoi, si tayari wamenikata huduma?" Hebu soma risiti yako polepole. VAT ya asilimia 16 ni ya serikali. Ule ushuru wa utalii wa asilimia 2 unaouona kwa mikahawa, huo pia unaenda serikalini. Weita haoni hata ndururu hapo. Kama kuna mstari umeandikwa ada ya huduma, huo ni mwingine, na ni sawa kabisa kuuliza unagawanywa vipi. Ukijibiwa vizuri, lipa kwa roho safi. Ukiona meneja anaanza kukohoa, umeshajua.

Sasa nifike kwa sehemu ambayo inanihusu vibaya.

Mwezi wa nne, wakati ile mvua ilikuwa haina huruma, niliagiza chakula saa tatu usiku. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na mtoto analia. Nilikuwa tu sitaki kupika. Baada ya dakika hamsini hivi mlango ukabishwa. Mimi nakaa ghorofa ya tano, lifti hatuna. Jamaa alikuwa analowa mpaka maji yanadondoka kwa kidevu, lakini chakula kilikuwa kikavu. Alikuwa amekifunga na mfuko wake wa mvua, ule ambao labda ungemkinga yeye.

Akanipa, akasema kwa upole, "Sista, hata ya mafuta kidogo?"

Mimi nikamjibu, "Bosi, si nimelipa ya kuletewa kwa apu?"

Akasema, "Sawa, sista. Kula vizuri." Akashuka zile ngazi zote tena gizani.

Sikuwa nimemtukana. Nilichosema kilikuwa kweli, nilikuwa nimelipa. Lakini chipsi zilikataa kushuka, na baada ya siku chache nikamuuliza jirani yangu wa ghorofa ya pili, ambaye anaendesha boda ya chakula, hiyo pesa yetu huenda wapi. Alicheka kwanza. Kisha akanihesabia kwa vidole. Ile ya kuletewa ninayolipa si yote inamfikia. Mafuta ni yake. Pikipiki ni ya mkopo na mkopo unalipwa kila siku, uwe umepata oda ama hujapata. Bando za kuwasha apu ni zake. Akifika mkahawani na chakula hakijaiva, anaweza kusimama hapo nusu saa na hiyo nusu saa ni yake pia. Na akianguka, hakuna mwajiri wa kumpelekea karatasi ya daktari, kwa sababu kwa makubaliano yao yeye si mwajiriwa, ni mshirika anayejitegemea.

Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau: "Mvua ikinyesha ndiyo oda zinakuja. Na mvua ikinyesha ndiyo watu huanguka."

Wekeni hizo siku mbili pamoja. Mtu aliyepanda ghorofa tano akilowa ili chakula changu kisilowe, nilimnyima hamsini, kwa sababu tulikuwa wawili tu mlangoni na hakuna aliyekuwa ananiona. Mashine iliyokaa kwa kaunta ikinisubiri nijibebee kuku, niliipa 85, kwa sababu kulikuwa na watu nyuma yangu. Yaani mfuko wangu haukufunguliwa na shukrani hata siku moja. Ulifunguliwa na macho ya watu. Na waliotengeneza ile skrini wanajua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana inageuzwa ikutazame, na ndiyo maana "bila tipu" iko kwa kijivu.

Kuna mtu ataniambia, "Kama huwezi kutoa tipu, usiagize chakula." Huo msemo umetoka ng'ambo, kwa watu ambao tipu kwao ni mshahara, tukaubeba mzima mzima. Hapa kuna wanafunzi wanne wa hosteli wamechanga mbao mbao mpaka ikafika bei ya sahani moja ya kuku. Hao wamelipa bei iliyoandikwa. Hawana deni na mtu. Bei ikiwa haitoshi kumlipa aliyepika na aliyeleta, basi aliyeiandika ndiye aliyekosea hesabu, na asiwaitie hao watoto wa watu aibu wamsaidie kuirekebisha.

Na mwingine atasema, "Wakipandisha bei si utakuwa wa kwanza kulia?" Nitalia, ndiyo. Lakini nitalia nikijua ninalia bei ngapi. Kuku akiwa 900 nitaamua kama namtaka ama naenda kwa kibanda nikale chapo na maharagwe. Hiyo ni biashara ya wazi. Kuniandikia 850 ukutani halafu kunivizia kwa mashine si biashara ya wazi.

Nina sababu nyingine ya kuogopa mshahara wa zawadi, kwa sababu mimi mwenyewe naushi. Mnajua nikiwa laivu TikTok mnanitumia zile zawadi, na nashukuru, Mungu awabariki. Kuna mwezi zinalipa kodi na kubaki. Kuna mwezi zinanunua tokeni za stima na mkate. Mwezi huo mbaya sijafanya kazi kidogo, pengine nimefanya zaidi. Ni nyinyi tu mlikuwa mmesota. Na mwenye nyumba hajawahi kukubali nikimwambia, "Mwezi huu mashabiki hawakuwa na roho ya kutoa." Mimi niliichagua hii maisha, na nikichoka naweza kufunga simu nitafute kazi nyingine. Kijana wa kaunta alitafuta kazi ya mshahara. Si haki alale akiwaza kama kesho wateja wataamka na roho nzuri.

Kwa hivyo hivi ndivyo mimi nimeamua. Si sheria, ni mambo ya nyumba yangu.

Nikijichukulia chakula mwenyewe, nabonyeza bila tipu, nasema asante kwa sauti, naenda. Sitaangalia chini. Ikiwa mtu amenifanyia jambo la ziada, amenikimbilia na chenji niliyosahau ama amenifungia mara mbili ndiyo mchuzi usimwagike, huyo nampa mkononi.

Nikiletewa, nampa aliyeleta, baada ya kuleta. Hamsini siku ya kawaida, mia ikiwa ni usiku ama mvua, ama akipanda ngazi zote. Kutuma mia ama chini ya hapo kwa M-Pesa hakukatwi ada, kwa hivyo usijifiche nyuma ya ada. Lakini wasichana wenzangu wanajua shida ya kutuma: jina lako na namba yako zinabaki kwa simu ya mtu usiyemjua, na wengine wetu tumeshawahi kuandikiwa "mambo mrembo" saa sita usiku. Mimi nimeweka kopo la zamani la kahawa karibu na mlango, na kila nikipata noti ndogo naitupa humo. Sina sababu tena ya kusema sina kashi.

Na ukiwa umesota kweli kweli, bado kuna kitu unaweza kumpa mwendeshaji. Weka lokesheni sawa. Shika simu akipiga. Mwambie soja wa geti mapema kwamba kuna mtu anakuja. Shuka ngazi mpokee chini. Jirani yangu aliniambia dakika kumi za kuzunguka mtaa akitafuta mteja asiyeshika simu zinaweza kumkosesha oda inayofuata. Hizo dakika zina thamani kuliko mbao yako, na hazikugharimu chochote.

La mwisho, uliza. Jana nilirudi pale kwa kuku. Ilikuwa saa tisa mchana, hakuna foleni. Kijana alikuwa yule yule. Akageuza mashine, nami nikamuuliza polepole, "Kaka, hii ya skrini huwa inakufikia?"

Aliangalia nyuma kwanza, kule meneja hukaa. Kisha akasema, "Sista, hiyo ni ya mashine."

Sikumuuliza zaidi kwa sababu sikutaka kumtia matatani. Nikabonyeza yale maandishi madogo ya kijivu. Akanifungia chipsi zangu, akachota nyingine akaongeza juu bila kusema kitu, akaniwekea na kachumbari. Nikatoa noti ya hamsini nikampa mkononi, nikamwambia ni ya soda. Akacheka. Mimi pia nikacheka. Manze, hiyo hamsini haikuniuma hata kidogo.

Yule jamaa wa mvua sijawahi kumwona tena. Jina lake lilikuwa kwa apu na sikulisoma.

Wenye mikahawa, nawaomba kitu kimoja: lipeni watu, muandike bei kamili ukutani, mtuachie sisi wenyewe tuamue kushukuru. Wenye apu, mkiuliza, ulizeni chakula kikishafika, na mtuandikie hapo hapo kama pesa yote inaenda kwa aliyeleta. Ni sentensi moja tu. Kama jibu ni ndiyo, hamna sababu ya kuificha.

Na wewe unayesoma hii ukiwa kwa kaunta, ama umeegesha boda nje ya mkahawa ukingoja oda, wewe ndiye nataka kusikia kuliko wote. Niandikie, jina lako sitalitaja. Hiyo pesa ya skrini, huwa inakufikia?